Kelele ya Kiti cha Nyuma Kushoto

Ninyi vijana mnafungua boneti kabla mwenye gari hajamaliza kusalimia. Nawaona, maana garaji niliyoiacha iko barabara moja na nyumba yangu hapa Lubumbashi, katika komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya, na mzee aliyeacha kazi macho yake hayatulii. Gari linaingia, mwenyewe anasema linasaga, na papo hapo mmoja ameshika spana, mwingine anachomeka ile mashine ya kusoma makosa, wa tatu yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana. Hakuna aliyeuliza linasaga lini, wala nani alikuwa amekaa wapi. Mnabadilisha kitu kizima, kelele inabaki, kisha mnalaumu barabara.

Sina ugomvi na mashine yenu. Injini inaisoma vizuri, hata mimi ningeitaka wakati wangu. Lakini kusaga kwingi hakuna waya. Chuma kinapokula chuma kwenye gurudumu hakipeleki habari kwa kompyuta. Kinapeleka kwenye sakafu, kwenye usukani, kwenye kiti, na kwa mtu aliyekaa karibu nacho. Mtu huyo ndiye mnayemruka kila siku, na mkimruka mnanikera, nasema wazi.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Mutombo, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa akipanda gari la mteja bila viatu. Viatu aliviacha mlangoni mwa garaji, soksi ndani yake, na wateja wapya walitazamana. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa lile lile: "Kiatu inakulaka kelele. Toa kiatu, acha muguu isikie." Nilidhani ni ukorofi wa wazee. Siku nilipojaribu mwenyewe nikahisi sakafu inatetemeka chini ya kisigino cha kushoto na si cha kuume, nikaacha kucheka. Tangu hapo nami nilipanda magari ya watu pekupeku hadi nilipoacha kazi.

Huyo Papa Mutombo aliwahi kunifungia kwenye buti la gari la mama mmoja mwuza unga, nisikilize kama kusaga kunatoka katikati ya ekseli ya nyuma. Tulipanda hadi Karavia, ambako barabara ni laini na kelele husikika vizuri. Kule akakutana na rafiki yake, wakaanza kuulizana habari za watoto, na mimi nimo ndani nagonga. Aliponikumbuka nilikuwa mweupe kutoka nywele hadi kucha. Watu waliokuwa wakinywa vinywaji vyao karibu pale waliniona nikitoka kwenye buti, na mmoja aliacha chupa yake nusu, akaenda zake. Lakini kelele nilikuwa nimeipata, na Papa Mutombo alinisifu njia nzima ya kurudi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Kusaga si kumoja. Gari likisaga unapokanyaga breki tu, usiende mbali: plaquettes, zile pedi za breki, zimekwisha na chuma kinakula diski. Likigonga ka-ka-ka unapokunja usukani hadi mwisho, tazama kardani, kile kiungo cha mhimili unaozungusha gurudumu. Likilia unapokanyaga klachi na kunyamaza unapoiachia, shughuli iko kati ya injini na sanduku la gia, mwambie mteja aende nyumbani akale. Halafu kuna mawe. Malori ya madini yanadondosha kokoto barabarani, na moja ikinasa kati ya diski na lile bati linaloikinga, gari linapiga kelele kama linakata roho. Mchungaji mmoja alitufikia akiwa ameliombea gari lake njia nzima. Nilitoa kokoto kwa bisibisi, akaniomba aichukue, na nilisikia kwamba Jumapili aliihubiri.

Lakini kuna kusaga kunakoanza kwa unyenyekevu, kunakokua na mwendo, na kubadilika gari linapokata kona. Hapo mara nyingi ni roulement, kile kiduara cha chuma chenye gololi ndani kinachobeba gurudumu. Kikifa kabisa, gurudumu linaweza kukuaga likaenda porini peke yake. Ndicho kilichomleta Kambale kwangu, ingawa yeye alidhani ameletwa na jambo lingine.

Kambale alikuwa kijana wa Kivu ya Kaskazini, mwuza jumla wa sukari, sabuni na mafuta, mtu wa kanisa, mpole, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alimwoa Béatrice, binti wa watu wa Kasai waliokaa hapa Lubumbashi tangu enzi za babu zao. Aliingia garajini peke yake na gari lake la kutoka Japani, usukani kuume kama magari mengi ya hapa, ingawa barabara zetu ni za kuendesha upande wa kuume.

"Papa Kalenga, iko kelele," akaniambia. "Garage ingine ilishabadilisha plaquettes, lakini inabakia tu."

"Inasaga namna gani?"

Akatazama chini. "Mi sijasikia. Bibi yangu njo aliniambia. Na ye, mama yake njo alimuambia."

Nilimwuliza kwa nini hakumwuliza mama mkwe mwenyewe. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni.

Mnaotoka upande wa Kasai mnajua. Siku ya mahari, wajomba wa Béatrice walimkalisha kijana wakamfundisha: mama mkwe humtazami machoni, humpi mkono, huli mbele yake, na ukiwa na neno lake unalipitisha kwa mkeo. Watu wa Kasai wenyewe siku hizi wameilegeza kidogo desturi hiyo, hasa mjini. Kambale hakulegeza chochote. Alikuwa mgeni ndani ya desturi ile, akaishika kama mtu aliyepewa chombo cha udongo cha watu. Mama Ngalula, mama mkwe wake, alipopanda gari, alikalishwa nyuma kushoto, mbali kabisa na dereva, nyuma ya Béatrice. Kambale alikipindua kioo cha ndani kitazame paa, macho yao yasije yakakutana. Kisha aliweka nyimbo za kwaya kwa sauti, ili kimya kisimwaibishe mtu.

Sasa fikirini kama mafundi. Kelele iko nyuma kushoto. Dereva yuko mbele kuume, kwaya inaimba sikioni. Aliyekaa juu ya kelele ni mtu mmoja tu, na mtu huyo dereva haruhusiwi kumwuliza.

Nilienda naye hadi Karavia, mimi pekupeku pembeni yake, kwaya imezimwa. Sikusikia kitu cha maana. Tulirudi, tukainua gari kwa kriki, nikazungusha magurudumu yote kwa mkono. Yalizunguka kimya. Hilo halikunituliza, kwa sababu gurudumu lililo hewani halijabeba mtu, halina la kulalamikia. Nikamwambia amlete aliyesikia.

Kijana alikaa juu ya tairi kuukuu, akafungua kile kifungo cha juu. Hapo ndipo yalipotoka.

"Papa, kelele haiko. Maman hapendi motoka yangu. Zamani tulikuwa tunaenda naye ku kanisa, sasa anaenda na miguu, majirani beko naona. Jumamosi tuko naenda Kilwa, mukubwa ya Béatrice iko karibu kuzala kule. Maman anasema ye atapanda lori ya batu ya samaki." Akapiga tairi kwa kisigino. "Mama muzima, juu ya mizigo, na mi niko na motoka. Batu batasema nini? Hanipendi, papa. Njo ile kelele."

Mnaijua barabara ya Kilwa, hii yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Lori linaruka, watu juu wanashikilia kamba, vumbi linakula macho. Mama wa umri ule kuchagua lori badala ya kiti cha mkwewe, hilo ni tusi, na Kambale alilibeba hivyo. Nilimhurumia sana. Lakini nilikuwa pia na hofu nyingine, ya kifundi: mtu hachagui juu ya magunia kwa sababu ya chuki tu. Labda ameona kwamba juu ya magunia kuna usalama kuliko ndani ya gari hilo.

"Mi sitafungua bolti hata moja," nikamwambia, "mupaka ule mwenye alisikia akuye akae fasi yake. Na mulete mizigo yote ya Kilwa ndani."

Alikataa. Alisema ni aibu kumleta mama mkwe garajini, katikati ya mafuta machafu na wanaume wanaotukanana. Nilimwambia wanaume wangu siku hiyo watanyamaza, na kama hawezi basi asipeleke mke wake Kilwa kwa gari hili, aende naye juu ya lori. Aliondoka bila kuaga vizuri. Aliyewashawishi mumewe na mama yake ni Béatrice: siku ya pili alasiri wote walikuja, na gari limekaa chini kwa uzito: gunia la unga, mabeseni, mfuko wa nguo za mtoto, na Mama Ngalula mahali pake, kitambaa kichwani, anatazama dirishani.

Nilivua viatu, nikakaa nyuma pamoja naye, mgongoni mwa Kambale. Mama alitazama vidole vyangu.

"Papa, viatu biko wapi?"

"Nimebiacha garage, maman. Muguu njo inasikia."

"Ni sawa," akasema, akasogeza kitenge chake kunipisha.

Nilimwomba Kambale azime kwaya. Kimya kilichoingia ndani ya lile gari kilikuwa kizito, nikaelewa kwa nini kijana huyu alipenda nyimbo. Tuliondoka. Tulipoacha msongamano wa pikipiki, Mama Ngalula akasema nami, macho bado dirishani:

"Papa, umuambie bwana aende mbio kidogo."

Kambale alikuwa mbele yetu, ungeweza kumgusa bega. Alisikia kila neno, lakini hakukanyaga mafuta. Alisubiri. Béatrice aliuma mdomo asicheke. Ikabidi niseme, "Kambale, maman anasema uende mbio kidogo," na hapo gari likaongeza mwendo.

"Umuambie akate ile kona ya kuume. Asikanyage frein."

Nikasema, na breki asiiguse. Akakata kona. Uzito wote wa gari ukalala kushoto, na chini yetu kitu kikaanza kunguruma, kwanza taratibu, kisha kikasaga kwa sauti nene iliyopanda kwenye nyayo zangu hadi magotini. Kona ilipoisha, ikanyamaza. Mama Ngalula alinigeukia kwa mara ya kwanza.

"Umesikia? Iko kama moulin ya unga yenye inazunguka bila mahindi. Inajisaga yenyewe."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sijasikia roulement isiyo na grisi ikielezwa vizuri hivyo. Na jambo lililonifikia mimi garajini lilikuwa nini? Béatrice alimwambia mumewe, "Mama anasikia kelele nyuma." Kambale aligeuzageuza neno hilo kichwani mwake mpaka likawa, "Mama analalamika." Moulin ilipotelea njiani, kona ilipotelea njiani, na kilichobaki kilikuwa ugomvi. Ndiyo maana ile garaji nyingine ilibadilisha plaquettes, tena za mbele.

Niliomba tubadilishane viti ili nihisi mwenyewe. Nilipokaa kwake, kona ile ile, kelele ilikuja nusu tu. Mimi ni mwembamba. Mama aliona nakuna kichwa, akasema, "Usione haya, papa. Mi njo niko muzito," na Béatrice sasa alicheka waziwazi. Tukarudi kila mtu mahali pake, nikaweka kiganja chini ya kiti, na kona ya tatu ikanipa jibu lote: nyuma kushoto, ndani ya gurudumu, na si la kungoja.

Tulipokuwa tunarudi, yule mama akaanza kusema tena, kwa sauti ndogo, akinitazama mimi.

"Papa, umuambie bwana hivi. Mi sikatae motoka yake. Nilimuambia Béatrice mara ya kwanza, bakabadilisha kitu, kelele ikabakia. Niseme tena? Batasema mukwe wa Kambale anazarau motoka yenye anabebewa bure. Nikanyamaza, nikatembea na miguu. Lakini Kilwa iko mbali. Bangepotea bote mbili, ye na mutoto yangu, na mi niko najua. Nikasema nitapanda lori. Niliwaza, ye akiona vile, atauliza juu ya nini."

"Na hakuuliza," nikasema.

"Hawezi kuuliza. Bandugu yangu bamemufundisha muzuri sana."

Gari lilipunguza mwendo, likasimama kando ya barabara. Kambale aliinamisha paji la uso kwenye usukani. Mimi nilikuwa na wajibu wa kumpelekea maneno yale, nikayapeleka yote, moja moja. Béatrice aliweka mkono mgongoni mwa mumewe, na mama akarudi kutazama dirishani, anajifuta jicho kwa ncha ya kitenge.

Gurudumu tulilifungua jioni hiyo. Huu ndio ufundi wenyewe, sikilizeni: hata likiwa hewani, usiridhike na masikio. Zungusha tairi kwa mkono mmoja, mkono mwingine ushike springi. Roulement nzima springi inatulia. Mbovu, springi inakutekenya vidole, kama umeshika paka anayekoroma. Siku ya kwanza niliyazungusha bila kushika springi, na Papa Mutombo angenikaripia. Tulipokitoa kile kiduara, gololi zilikuwa zimechimbika, moja imevunjika, na rangi ya bluu ya chuma kilichoungua imezunguka pande zote. Nilimpa Kambale akizungushe mwenyewe kiganjani. Kilikwaruza, kikakwama, kikakwaruza tena. Akauliza kingefika wapi. Nikamwambia kwa mzigo ule na barabara ile, Kilwa kisingefika. Alikifunga kwenye kitambaa safi akaenda nacho nyumbani, na Béatrice aliniambia baadaye kwamba mama yake alikizungusha sikioni akasema, "Ni ye."

Mtoto alizaliwa salama Kilwa. Walirudi na samaki wakavu, wakaniletea fungu langu, na gari lile lilinuka samaki hadi mvua zilipoanza. Lakini nikikaa hapa barazani bila kazi, ninachokumbuka ni asubuhi ile ya kuondoka.

Walipita garajini ili nisikilize kwa mara ya mwisho. Nilipanda nyuma, pekupeku, tukaenda hadi ile kona ya kuume na kurudi. Nilisikia matairi na upepo, basi. Niliposhuka, nilimwonyesha Kambale kile kioo kilichotazama paa. Nilimwambia heshima ni kitu kizuri, lakini heshima haimkatazi dereva kuona lori linalokuja nyuma yake. Alikishika kwa mkono. Kisha akasema nami, akimlenga yule aliyekaa nyuma:

"Papa, umuulize maman kama ninaweza kukirudisha."

Nikainama dirishani kwa Mama Ngalula, nikamwuliza. Alikuwa ameshasikia, kama kawaida. Alijifunika kichwa vizuri, akakaa sawa, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha.

"Umuambie akirudishe. Na umuambie moulin imenyamaza. Aendeshe, mi niko nyuma yake, nitamusikilizia njia yote."

Nikazunguka hadi dirisha la dereva. Kambale alikuwa ameinamisha macho, mkono uko kwenye kioo, anasubiri nimwambie. Nikamwambia yote, bila kupunguza neno.